Filamu ya Waviking na Ulimi wa Mjomba

Kisa hiki nilisimuliwa na mshonaji wa mtaani kwetu, mwaka juzi, alipokuja kunipunguzia gauni kiunoni. Alikuwa na pini mdomoni, na kila alipochomoa pini moja alichomoa na sentensi moja. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, maana kidole hufungwa kitambaa kikapona. Nilipomsikiliza niliona hawakutia chumvi.

Mshonaji huyo ana kaka yake, kazi yake kutafsiri filamu. Filamu huja na lugha ya kigeni. Yeye hujifungia chumbani, hutundika blanketi dirishani kuzuia kelele, kisha huzungumza juu ya picha kwa kinywa chake mwanzo hadi mwisho: mzee yeye, mtoto yeye, farasi yeye. Watu walimwita Kasuku. Alichokichukia ni kimya. Wahusika wakinyamaza hata dakika moja, Kasuku hujaza pengo kwa mambo ya mtaani. Mpishi mnene wa filamu humfanya mama mkwe wake, mwizi humfanya kinyozi wa pale kona. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma, hata kinyozi mwenyewe.

"Kaka, ya nyumbani yaache nyumbani," mshonaji alimwonya.

"Dada nawe! Kimya hakiuziki."

Mwaka ule zilikuja filamu za Waviking, wale mabaharia wa kale wa nchi za baridi, wenye ndevu nyekundu na mashua zenye vichwa vya majoka. Nyingi ni za kukatana mashoka, lakini Kasuku alichagua zile ambazo baba, mama na watoto wanaweza kukaa kochi moja bila mtu kuzibwa macho. Ya tatu aliimaliza Ijumaa asubuhi, mchana akaisambaza madukani, na Jumapili baada ya chakula akaipeleka kwa dada yake. Hakuwa ameirudia kuisikiliza. Hakuwa na desturi hiyo.

Sebuleni alikuwapo mshonaji, binti yake wa miaka kumi na mitatu, Kasuku, na jirani mmoja na mkewe. Walianza kwa furaha.

"Mjomba, huyu mwenye ndevu umempa sauti ya mwalimu wetu wa hesabu!" binti alipiga kelele.

"Shii! Atasikia akupe sifuri."

Kisha mashua ikavunjika. Mke wa jemadari, ambaye hakuwa na mtoto, alishuka ufukweni, akafungua sanduku lililosukumwa na mawimbi, akakuta mtoto mchanga. Akamkumbatia. Muziki ukapigwa polepole, na hakuna aliyesema neno isipokuwa Kasuku, kutoka ndani ya televisheni:

"Jamani, huyu mama kama dada yangu mshonaji! Tumbo halikuvimba hata siku moja, mara mtoto huyo! Mwenzake kaokota ufukweni, yeye kaenda kituo cha watoto! Na wanavyopendana, chanda na pete!"

Jirani alianza kucheka, akaacha, akainamia chai yake. Mshonaji alipapasa kutafuta rimoti, asiione. Miaka kumi na mitatu, tangu akiwa hajahamia mtaa ule, siri ile waliijua watu wawili tu, yeye na kaka yake aliyemsindikiza siku ya kumchukua mtoto. Alikuwa amepanga kumwambia mwenyewe binti akitimiza kumi na mitano, kwa maneno aliyoyachagua moja moja kama mtu achaguavyo vifungo vya gauni la harusi.

"Mama, mjomba anatania?"

Kwa kuwa mshonaji hakuwahi kuulizwa, hakuwahi kudanganya. Sasa ameulizwa, uongo ukamkwama.

"Mjomba?"

Kasuku, mwenye sauti za watu ishirini, hakuipata hata yake. "Nilikuwa namsifu dada," alisema mwishowe, macho chini. "Palikuwa na kimya."

"Na madukani imefika?" binti aliuliza.

Binti alikumbuka wenzake walivyonyamaza alipopita asubuhi ile, akaelewa. Akainuka, akaingia chumbani.

Majirani waliaga bila kumaliza chai. Kasuku alikimbia duka kwa duka akizidai diski zake.

"Unakusanya nini sasa?" mwenye duka alimcheka. "Zimeshanakiliwa kwenye simu. Na ile ya dada yako, ndugu yangu, wameipenda kuliko zote!"

Nyumbani mshonaji aliketi ukingoni mwa kitanda, akamweleza binti yote: kile kituo, lile blanketi la manjano alimofungwa mtoto, na mtoto huyo alivyomshika kidole asikiachie. "Sikukuokota, mwanangu. Nilikuchagua." Maneno yalikuwa yale yale aliyoyaandaa miaka yote, lakini yalifika ya pili, nyuma ya yale ya mjomba, na ya pili hayana kiti.

Binti alimsikiliza akiwa ameuelekezea ukuta uso wake. Kisha akasema kwa adabu, "Fundi, naomba unifungie pazia."

Fundi, kama wateja wanavyomwita.

Mshonaji alifunga pazia, akatoka, akaketi sakafuni nje ya mlango. Alisubiri aitwe tena, kwa jina lolote. Hakuitwa. Kwikwi za ndani zilipungua, zikageuka pumzi ndefu za mtoto aliyelala. Jua lilikuwa halijazama bado, naye usingizi ukamchukua palepale, mgongo mlangoni. Hakika, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.