Sare ni ya Mwenye Kiti

Changa.

Kata.

Wa nyuma sijawasikia. Changa.

Kata.

Niwafanyie nini?

Gawa tupokee.

Haya, pokeeni. Hapo zamani, si zamani sana maana umeme wa sola ulikuwa umeshafika, kiangazi kilikausha mto mpaka likabaki bwawa moja. Kingo za bwawa hilo zilikuwa wima kama ukuta. Mnyama mkubwa aliinama akanywa. Mnyama mdogo akiinama, chubwi, basi tena. Palikuwa na mteremko mmoja tu ambapo mdogo angeweza kushuka taratibu mpaka majini, na katikati ya mteremko huo alilala Kiboko.

Alilala hapo kwa sababu palikuwa na tope laini, na kwa sababu mbele yake palikuwa na kibanda cha gemu cha Mama Nungunungu. Kutoka hapo Kiboko aliona kioo vizuri bila kutoa tumbo majini. Pedi ya kuchezea aliibonyeza kwa pua. Mahali hapo akapaita kiti.

Gemu ilikuwa moja tu, nayo ya vita. Majitu yamezingira ufalme, binti wa mfalme amefungwa mnarani, shujaa anatakiwa apande mlima akamwokoe. Lakini chini ya mlima waliotengeneza gemu waliweka kilabu, na ndani ya kilabu meza ya karata, ili shujaa apumzike kidogo kabla ya safari. Wanyama waliingia kupumzika. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na walikuwa bado wanapumzika.

Aliyewahi kufika mnarani ni Pimbi peke yake, na hata yeye alikuwa anatafuta mlango wa kutokea kilabuni. Akakosea njia, akapanda, akamkuta binti wa mfalme, akamfungulia. Binti akamshukuru, akampa karata ya Malkia wa Mvua ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Kisha binti mwenyewe akauliza kilabu kiko wapi.

Sasa nisikilizeni, maana asiyejua karata hizi atabaki anacheka wenzake wakicheka. Kila mchezaji huja na fungu la karata ishirini. Si kumi na tisa, si ishirini na moja. Mashine huzichanga na kumpa kila mmoja tano. Raundi ni tatu, na mwenye jumla kubwa mezani huchukua raundi. Kuna karata za mabwana, yaani wafalme na majemadari, ambao nguvu yao ni kumi na kuendelea. Kuna karata za wakulima, ambao nguvu yao ni moja. Lakini bwana hashuki mezani mpaka mkulima wa upande wake mwenyewe awe ameshuka kwanza, kwa kuwa bwana hawezi kukaa mahali ambapo hakuna wa kumlimia. Mgeni ndiye anayeanza. Mshindi huchukua karata moja ya aliyeshindwa, ile aipendayo.

Hayo yalikuwa ya mashine. Kiboko akaongeza ya kwake.

"Anayetaka maji acheze nami kwanza," alisema. "Akishinda, namwachia kiti. Akishindwa, anipe karata, halafu asubiri nimalize kuoga."

"Na tukitoka sare, mzee?" aliuliza Swala.

"Sare ni ya mwenye kiti."

Kiboko hakuwa na haraka ya kuoga. Alipomaliza, maji yalikuwa uji. Watoto wawili wa Pimbi walikuwa wameunywa uji huo siku tisa. Matumbo yao yalivimba, na yule mdogo akaacha kupanda mawe. Alilala kivulini akipumua kwa haraka, na Pimbi, ambaye hata mlango wa pango aliuangalia mara tatu kabla ya kutoka, alizihesabu pumzi hizo, akakosea, akaanza upya.

Akaenda kibandani kulitazama fungu la Kiboko. Mabwana kumi, wakulima kumi. Akalitazama tena.

"Halipigiki hili," alimwambia Mama Nungunungu. "Lina wakulima wa kutosha."

"Hata ukimwekea mabwana wote ulionao?"

"Mama, mabwana wangu ni watatu. Tena mmoja ni mgonjwa, ana nguvu kumi tu."

"Basi utashindwa kama sisi."

"Nitashindwa," alisema Pimbi. "Ila nimekuwa najiuliza. Kushindwa kwa jasho na kushindwa bila jasho, maji si yale yale?"

Akazunguka kwa wanyama wote, mmoja mmoja, akawanong'oneza neno moja. Kesho yake Swala akashuka kucheza. Ilipofika zamu yake kuanza, hakuweka kitu.

"Napita, mzee."

"Unapita?"

"Napita."

Kiboko alitazama karata zake. Hapakuwa na haja ya kuweka hata moja. Mashine ikalia, puu, puu. Sifuri kwa sifuri. Sare. Na wanyama wote wakajibu: sare ni ya mwenye kiti.

Akaja Ngedere. Napita, mzee. Unapita? Napita. Puu, puu. Sare ni ya mwenye kiti.

Akaja Kobe, naye baada ya muda mrefu akafika. Napita, mzee. Unapita? Napita. Puu, puu. Sare ni ya mwenye kiti.

Kila ushindi Kiboko alichukua bwana mmoja, na nafasi ya kila bwana aliyetoka kwao wanyama waliijaza na mkulima, maana wakulima gemu ilikuwa inawatoa bure. Siku ya nne mabwana wa Kiboko walikuwa hawaenei kwenye fungu, wengine wamesimama nje wanasubiri. Hapo ndipo Pimbi akashuka. Bwana katika fungu lake alikuwa yule jemadari mgonjwa peke yake, Malkia amemwacha nje; akapita, akashindwa, akamtoa. Halafu akabaki amesimama, anajikuna shingo.

"Una nini wewe?" Kiboko akamuuliza.

"Si kitu, mzee. Nimeona tu jambo, nikaona aibu kulisema."

"Sema."

"Wafalme wako wote hawa, mzee, na mbele yao ametangulia mtu na jembe. Miguu ina udongo. Mimi sijui, mimi ni Pimbi tu. Labda kwenu ndivyo wafalme wanavyoingia."

Kiboko akaitazama miguu ya wakulima kwenye kioo. Jioni akabonyeza pedi kwa pua, tik, mkulima mmoja akatoka. Tik, mfalme akaingia. Kesho yake akacheza na wanyama kumi na mmoja, wote wakapita, akashinda mara kumi na moja. Tik, mkulima akatoka. Tik, mfalme akaingia.

Juu ya paa la kibanda alikaa Hondohondo, mchambuzi wa mambo ya karata. Hakuwahi kucheza, hivyo hakuwahi kushindwa.

"Ho, ho, ho," alitangaza. "Ndugu wasikilizaji, tunashuhudia mkakati mpya kabisa. Zamani tuliamini bwana anahitaji mkulima. Takwimu zinakataa. Kadiri wakulima wanavyopungua, ndivyo mzee anavyozidi kushinda."

"Mbona hajaweka karata mezani siku sita?" aliuliza Mama Nungunungu.

"Ndipo ulipo ubora wake, mama. Adui anakimbia kabla hajaziona."

"Umesikia?" Kiboko akamwambia Pimbi. "Sijawashusha hata, wanakimbia."

"Nimesikia, mzee."

Tik, mkulima akatoka. Tik, mfalme akaingia. Mpaka siku ya kumi na tatu fungu likawa na mabwana kumi na tisa na mkulima mmoja.

Pale Kiboko akagoma. Pimbi alisifu, Hondohondo akachambua, Kiboko akatikisa kichwa. "Huyu mmoja namwacha. Nimemzoea."

Pimbi akarudi pangoni na hesabu ikimkwaruza kifuani. Mkulima mmoja katika karata ishirini, na mashine inagawa tano. Mara moja katika kila nne, mkulima yule ataangukia mkononi mwa Kiboko, na nyuma yake wafalme watashuka mezani kama mafuriko. Mara tatu katika nne hataangukia. Mwingine angesema inatosha. Pimbi alimtazama mtoto mdogo, ambaye siku hiyo hakufungua macho alipoitwa, na moja katika nne ikaonekana kubwa kuliko Kiboko.

Asubuhi akashuka mteremkoni na karata moja.

"Mzee, leo sitaki kunywa baada yako. Nataka kiti. Na ninaweka Malkia wa Mvua."

Kiboko akatoa kichwa chote majini. Karata zote za gemu alikuwa nazo, isipokuwa hiyo. Macho yakamlegea kama ya mtu aliyenusa pilau.

"Nguvu yake ngapi?"

"Arobaini."

"Nimekubali. Hondohondo, tangaza. Yeye anaweka Malkia, mimi kiti."

"Tena mzee, kwa kuwa sote tunajua mwisho wake," alisema Pimbi, na sauti ilimtetemeka kweli, "mchukue kabisa sasa hivi. Mpange kwenye fungu, acheze upande wako. Malkia kukaa na wakulima wangu ishirini, mimi naona haya."

"Una adabu wewe," alisema Kiboko. "Wenzako wajifunze."

Malkia akavuka. Sasa karata zikawa ishirini na moja, na mashine ikakataa, tiii. Mmoja atoke. Kiboko akawapitia mabwana wake. Huyu mfalme wa chuma, alimpata kwa Swala, hawezi kutoka. Huyu jemadari wa moto, Kobe alilia alipomtoa, hawezi kutoka. Akampitia hata yule jemadari mgonjwa, akamwonea huruma. Wote kumi na tisa akawapitia, na kila mmoja alikuwa wake. Pimbi alikuwa amekaza meno mpaka masikio yanamuuma.

Tik.

Mkulima akatoka.

Mashine ikachanga, frrrr. Ikagawa. Kiboko akapata wafalme watatu, jemadari mmoja, na Malkia mwenyewe. Akacheka mpaka maji yakapanda ukingoni.

"Haya, mwanangu. Pita."

"Sipiti," alisema Pimbi.

Akamweka mkulima.

Alikuwa mkulima wa kawaida, kofia ya majani, jembe begani, nguvu moja. Kiboko akabonyeza mfalme. Tiii, ikasema mashine, hakuna mkulima. Akabonyeza jemadari. Tiii, hakuna mkulima. Akambonyeza Malkia taratibu, kwa heshima. Tiii.

"Mama Nungunungu, pedi yako mbovu."

"Pedi nzima, mzee. Imeandika hapo, hakuna mkulima."

"Sasa nafanyaje?"

"Unapita," alisema Kobe.

Neno "napita" Kiboko alikuwa hajawahi kulitamka. Lilimchukua muda kulipata. Moja kwa sifuri. Raundi ya pili Pimbi akaweka mkulima mwingine, ndugu yake yule wa kwanza kwa sura. Tiii. Tiii. Tiii. Moja kwa sifuri. Kwisha.

"Mimi siondoki hapa," alisema Kiboko.

Nani angemsukuma?

"Sawa, mzee," alisema Pimbi. "Kama mchezo wa leo haukuhesabika, basi na ya nyuma haikuhesabika. Swala, chukua mfalme wako. Kobe, jemadari wako yule pale. Malkia nipe mimi."

Kiboko akawatazama mabwana wake waliojaa kwenye kioo, wanang'aa. Akalitazama tope laini. Akaitazama tena orodha ya mabwana. Kisha akajivuta, buruu, buruu, buruu, akahamia kwenye kina, na karata zake zote.

Watoto wa Pimbi wakashushwa wa kwanza. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka kucha. Yule mdogo akanywa, akalala, akaamka, akanywa tena. Siku ya tatu alikuwa juu ya jiwe, na Pimbi alikuwa chini akihesabu mara ngapi anateleza.

Wanyama wote wakanywa. Hondohondo akatangaza kwamba yeye tangu mwanzo alitilia shaka mkakati wa wafalme watupu, na kwamba mkakati wa kisasa ni wakulima watupu. Wiki hiyo kila mnyama alikuwa na fungu la wakulima ishirini, na michezo yote iliisha sare.

"Dada Pimbi," Mama Nungunungu alimuuliza, "ile sheria ya sare si tuifute sasa?"

Pimbi alikuwa amekaa kwenye tope. Lilikuwa laini kuliko alivyodhani.

"Tutaijadili, mama," alisema. "Kwanza mwache Swala amalize. Swala, unaweka au unapita?"

"Napita, dada."

Puu, puu.

Basi ngano yangu imeishia mezani. Niliyemgawia akae nazo, asiyepata aangalie kwa jirani. Na fundisho lake ni hili, mliandike vizuri: mkulima hana kazi yoyote katika fungu la mtu wa maana. Mtoe, weka wafalme. Asiyeniamini akamuulize Kiboko. Yuko pale kwenye kina na mabwana wote wa dunia, malkia juu, na mpaka leo hakuna aliyemshinda tena, maana hajapata wa kumlimia aanze kucheza.

Changa.