Fundi Mihayo na Kiti cha Bibi Kalunde

Fundi mmoja wa Tabora alikuwa na mke, baiskeli, na banda lililojaa viti vibovu. Nimevitaja kwa mpangilio huo makusudi, maana ungemuuliza mwenyewe angeanza na viti. Jina lake Mihayo. Alifanya useremala kwenye karakana ya reli mpaka akastaafu, na alipostaafu akasema hawezi kushinda barazani akihesabu wapita njia. Akajenga banda la mabati nyuma ya nyumba, akaanza kutengeneza samani za zamani. Watu walimletea makabati yaliyopakwa rangi mara nne, stuli za miguu miwili, vitanda walivyoachiwa na marehemu. Naye alikwangua rangi yote hiyo, tabaka kwa tabaka, mpaka akutane na mninga wenyewe, mwekundu na mzima. Kisha alimwita mkewe aje kuona, hata kama mkewe ana unga mikononi.

Mkewe, Nyamizi, alikuwa mtu wa bustani. Mvua za kwanza zikidondoka mwezi wa kumi na moja, hukumkuta ndani ng'o. Alikuwa na matuta ya mchicha, bamia na nyanya chungu, na mgagani uliojiotea wenyewe popote ulipopenda, katikati ya nyanya, kando ya njia, hata mlangoni pa choo. Aliuacha uote. Mboga iliyokuja yenyewe, alisema, huifukuzi. Alikuwa mama mpole, lakini si mjinga; tofauti yake mnaijua.

Alasiri, mvua ikikatika, walitoka na baiskeli yao. Magoti ya Mihayo yalikuwa yamechoka na kazi, kwa hiyo Nyamizi ndiye aliyekanyaga, na mzee akakaa nyuma kwenye keria, amepakata mguu wa meza ya mtu au fungu la mchicha la kumpelekea jirani. Mji mzima uliwatania. Mtu mwenye gari aliwahi kumwuliza Mihayo kama haoni aibu kuendeshwa na mkewe. Mihayo akamjibu, "Na wewe dereva wako anakupikia?" Walikuwa na raha, wale wawili. Lishikeni hilo, msije mkadhani nawasimulia habari za ndoa iliyovunjika. Ndoa zilizovunjika hazina la kufundishwa na mimi. Nasema na hizi nzuri, zenu.

Ila Mihayo alikuwa na jicho. Fundi mzuri huona kombo kabla hajakiona kitu chenyewe. Ukimkaribisha sebuleni atanyoosha kwanza picha ukutani, halafu ndipo akupe mkono. Jicho hilo lilimlisha miaka arobaini, na hakuna aliyelilaumu. Lakini mvua za mwaka ule zilipoanza, jicho likatoka bandani likaingia bustanini. Siku Nyamizi alipokwenda mashineni kusaga, Mihayo alitwaa kamba yake ya useremala, akaivuta kutoka mwanzo wa tuta hadi mwisho, akayanyoosha matuta yote. Mgagani uliokuwa nje ya mstari akaung'oa. Na mgagani, kwa kawaida yake, wote ulikuwa nje ya mstari.

Nyamizi aliporudi akakuta bustani imesimama gwaride, na mboga ya jioni imelala juani.

"Baba Sizya," akasema, "hii ndiyo tulikuwa tule leo."

"Lakini tazama inavyopendeza," akasema Mihayo.

Wakala maharage. Mihayo aliyala kwa moyo mweupe kabisa. Wiki iliyofuata akaigeukia baiskeli. Kengele yake ilikuwa na tabia ya kulia yenyewe kila gurudumu lilipoingia shimoni, na jambo hilo likamkera. Akaifungua, akaisafisha, akaikaza. Haikulia tena shimoni, wala haikulia tena popote. Nyamizi akawa anapita sokoni akiita "pisha, pisha" kwa mdomo wake mwenyewe, na Mihayo kule nyuma anasema kwamba sasa angalau hakuna kelele zisizo na maana.

Ndipo Bibi Kalunde alipoleta kiti.

Huyu alikuwa mjane wa ng'ambo ya reli. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kiti kilikuwa cha mninga, cha zamani, chenye mbao mbili za kuegemeza mikono, na mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umevunjika. Alikileta kwa toroli la jirani yake, akasema maneno matatu tu. "Mguu tu, mwanangu." Mihayo akaitikia. Msiseme hakusikia. Alisikia vizuri.

Mguu aliutengeneza kwa siku moja. Alichagua kipande cha mninga kinachofanana, akakiunga kwa gundi na kigingi cha mti, akakisawazisha hata usingejua palipoungwa. Kazi ikawa imekwisha. Hapo ndipo mtu mwenye busara hufunga banda akaenda kunywa chai. Lakini jicho likazunguka kile kiti likaona jambo. Mbao ya mkono wa kulia ilikuwa na kishimo, upana wa kiganja, kimelika taratibu hadi kikawa laini. Mbao ya kushoto haikuwa nacho. Mikono ya kiti haikulingana, na fundi akawashwa viganja.

Akachukua randa. Akaipiga ile mbao ya kulia mpaka kishimo kikaisha, akaipiga na ya kushoto zilingane unene, akasugua kwa msasa, akapaka vanishi mara mbili. Nyamizi alimletea chai, akakitazama kiti, akauliza, "Alikuomba na hayo?"

"Hakuniomba. Lakini atafurahi."

Ndugu zangu, neno hilo "atafurahi" limeharibu nyumba nyingi kuliko matusi. Mwenye matusi anajua anachokifanya, na siku moja ataona haya. Lakini anayekuharibia kwa kukupenda, nani atamzuia? Utaanzia wapi hata kumkasirikia?

Siku ya tatu Bibi Kalunde akaja. Kiti kiling'aa. Mihayo alisimama kando yake kifua mbele, anasubiri sifa. Bibi akautikisa ule mguu, akaona umekaa, akashukuru. Kisha akaketi. Mkono wake wa kulia ukashuka wenyewe juu ya ile mbao, bila kutazama, vile mkono wako unavyoendea komeo la mlango wako gizani. Ukateleza. Akapapasa mbele kidogo, akapapasa nyuma. Akatazama. Akapapasa na upande wa kushoto, labda kiti kimegeuzwa.

"Nilikuomba mguu," akasema. "Kile kishimo kilikukosea nini? Mume wangu aliweka mkono wake pale miaka thelathini na minane. Tangu aondoke, jioni mimi huwa nauweka wangu mle."

Hakupaza sauti wala hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Aliinuka, akajifunga khanga yake vizuri, akaenda zake, na kiti akakiacha.

Mihayo hakula siku hiyo. Kesho yake akachukua patasi akaanza kuchonga kishimo. Nyamizi alimwona, akamwacha. Kuna makosa ambayo mtu lazima ayafikishe mwisho mwenyewe. Alichonga kutwa nzima. Alipima kwa kiganja chake, akasugua kwa msasa, akapaka mafuta, akasugua tena kwa kitambaa. Kwa kweli kilikuwa kishimo kizuri, ungekiona ungesema ni kile kile. Wakakifunga kiti juu ya keria kwa kamba za mpira, Nyamizi akaisukuma baiskeli, Mihayo akakishika kiti kwa nyuma, wakavuka reli kwa miguu, matope mpaka kwenye vifundo.

Bibi Kalunde aliweka mkono mle. Akafumba macho. Akafumbua.

"Huu ni mkono wako, fundi," akasema. "Kishimo cha namna ile hakichongwi. Kinakuja chenyewe, watu wakikaa."

Kisha akauona uso wa Mihayo, mzee mzima wa magoti mabovu, matope hadi kwenye suruali, patasi imemtoboa kidole gumba. Na kwa kuwa alikuwa mama mwenye moyo, akacheka kidogo, akawaambia waketi. Akawapa chai na karanga. Akamsifu Nyamizi kwa mgagani aliomletea, ule mchache uliookoka nyuma ya choo. Mihayo akaomba msamaha, tena hakujitetea, hakusema "nilidhani". Bibi akamsamehe pale pale, kutoka moyoni. Kiti akasema atakikalia hivyo hivyo, mguu wake ni imara, na Mungu akimpa miaka atakichimba kishimo chake mwenyewe. Walicheka wote watatu. Lakini msamaha ni kitu kimoja na kishimo ni kingine. Kile cha kwanza alipewa. Cha pili hakikuwepo tena duniani, na wote watatu walijua.

Wakarudi. Nyamizi anakanyaga, Mihayo nyuma. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa stesheni na ardhi ilinukia mvua. Kijana wa duka la vipuri akawatania kama kawaida, na siku hiyo Mihayo hakumjibu. Aliutazama mgongo wa mkewe. Alikuwa ameutazama mgongo ule kwenye safari nyingi, akauona umeinama kidogo kushoto, na aliwahi kumwambia auweke sawa. Akahofu ghafla, hofu ya kweli, ya mtu aliyeingia bandani mwake akakuta alama za randa kwenye kitu ambacho hakumbuki kukigusa.

"Mama Sizya," akasema, "na wewe nimekupiga randa wapi?"

Nyamizi akaendelea kukanyaga. Wakapita mashine ya kusaga. Wakapanda kile kimlima cha shule. Mihayo akadhani hakusikia, na sehemu yake moja ikashukuru. Kisha Nyamizi akasema, bila hasira hata chembe:

"Zamani nilikuwa naimba nikipalilia."

Mihayo akatafuta kichwani, akaona ni kweli. Asubuhi, umande haujakauka, sauti ya mkewe ilikuwa ikitoka kwenye matuta, nyimbo za arusi, nyimbo za kanisani, na nyingine alizozitunga mwenyewe juu ya bamia. Sauti yenyewe ilikwenda ilikotaka. Na yeye Mihayo, aliyekuwa akiimba besi kwenye kwaya miaka mingi, alikuwa akimwita kutoka bandani, "Imeshuka hiyo, mama Sizya. Anza tena." Hakumdhihaki hata siku moja. Alitaka aimbe vizuri tu. Mkewe akawa anaanza tena, anaanza tena. Halafu kuna asubuhi moja hakuanza. Mwaka gani? Mihayo hakujua. Mtu aliyeweza kuona kombo la nusu unyoya wa kuku kwenye meza ya jirani hakuwa ameona kwamba uani kwake pamenyamaza.

"Imba basi," akasema.

"Kwenye mlima huu, nimekubeba wewe? Subiri tushuke."

Wakafika juu. Baiskeli ikaanza kushuka yenyewe, Nyamizi akatoa miguu kwenye pedeli, na kwenye mteremko ule, mbele za watu wote wa mtaa, mama mwenye wajukuu akaimba. Alianza juu mno. Ubeti wa pili ukamtoka, akaweka maneno mengine. Kwenye kiitikio sauti ikaporomoka pale pale ilipokuwa ikiporomoka zamani, na Mihayo, mwili mzima unamwasha, akaishika keria kwa mikono miwili akauma mdomo mpaka wakafika chini. Mvua ikawakuta darajani. Hawakusimama kujikinga.

Nimemaliza, na naona baadhi ya akina baba wanatazama viatu vyao. Akina mama msifurahi sana, randa haichagui mkono wa kushikwa nao. Wengi wenu hapa mna jicho zuri, na nyumba zenu zimenyooka, nimefika nimeziona. Basi jioni hii ukifika kwako, kabla hujanyoosha chochote, simama uani usikilize: ni nani mle ndani aliyekuwa akiimba?