Bibi Aliyemwamkia Dereva

Bibi mmoja alikuwa na magoti mabovu, na shamba lake la tangawizi lilikuwa ng'ambo ya barabara. Jina lake Nakijwa. Kabla ya lami hilo halikuwa tatizo, kwa sababu magari yalipita kijijini kwetu kwa kujikongoja, yakikwepa mashimo, naye akavuka kwa raha zake. Kisha lami ikaja. Tulichinja ng'ombe siku ile, tukala, tukacheza. Nasema tulichinja kwa sababu nilikuwepo, na nyama nilikula.

Kijiji kilikuwa na dereva wake, Sifaeli, mtoto wa palepale, aliyebeba tangawizi yetu sote kwa lori mpaka sokoni. Lami ilipokuja akawa anafika wa kwanza kila siku ya soko, na tangawizi yetu ikawa ya kwanza kununuliwa. Tulimpenda mno. Akiteremka kile kilima chetu, watu wazima na akili zao walisimama kando ya barabara, wakapunga mikono na kumwambia akanyage mafuta. Naye alikanyaga. Mguu wake mmoja ulikuwa fahari ya kijiji kizima.

Mwaka wa pili gari la wapita njia lilimgonga Mndeme, fundi cherehani, akafa palepale, na gari halikusimama. Tulimzika kwa uchungu. Tukakaa kikao, tukasema kwa sauti moja kwamba wabaya ni wageni. Tukaandika barua kuomba matuta, tukajibiwa tusubiri. Tukasema hatusubiri, tukashika majembe, tukainua matuta ya udongo juu ya lami kama watu wanaotaka kupanda viazi. Mvua ya kwanza ikayabeba yote mpaka mtoni. Tukachora kibao cha kuwaomba watu wapunguze mwendo, lakini mtu anayekimbia vile atakisoma saa ngapi? Msicheke. Jasho lile lilikuwa la kweli, na mpaka leo siwezi kulidharau.

Katika vikao vyote hivyo Nakijwa alikaa kimya. Alijua jambo ambalo sisi hatukutaka kulijua. Yeye ndiye aliyesimama ukingoni kila asubuhi akitafuta nafasi ya kuvuka, na gari aliloliogopa kuliko yote halikuwa la mgeni. Lilikuwa lori la Sifaeli. Aliona haya kumsema mtoto anayesifiwa na kila mtu. Lakini siku moja lori lilimpita karibu sana hata upepo wake ukamwangusha chini, yeye na kikapu chake, na akiwa pale chini akasikia watu wa upande wa pili wakishangilia. Hawakuwa wamemwona. Ndipo alipoelewa kwamba barabara ile itamuua, na kwamba atakayemuua ni mtoto aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe siku alipozaliwa.

Siku ya soko iliyofuata alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda polepole mpaka juu ya kilima, mahali lori linapoanza kuteremka kabla halijashika kasi. Sifaeli alipokaribia, bibi yule alipiga magoti kando ya lami, magoti yale mabovu, akasema kwa sauti yake yote, "Shikamoo."

Mnajua salamu hiyo inatoka kwa nani kwenda kwa nani. Inatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Mtu wa rika la bibi yako akikuamkia wewe, amekuvua nguo mbele ya watu. Sifaeli alifunga breki mpaka matairi yakanuka. Akashuka, akapiga magoti mbele yake, akamuuliza amemkosea nini.

Nakijwa akamwambia, "Kuamkia ni kushika mguu wa mtu. Nimeushika wako, mjukuu wangu, kwa sababu wewe mwenyewe umeshindwa kuushika."

Sifaeli alilia, dereva yule, mbele ya mzigo wake. Akamwinua bibi, akampandisha kwenye lori, akateremka kilima taratibu kama aliyebeba mayai. Siku hiyo alifika sokoni wa nne, na wapo waliomnunia.

Siku ya soko nyingine Nakijwa hakusimama peke yake. Mjane wa Mndeme alikuja. Wakaja wazee wengine, na mimi pia nikaja, na mvi zangu hizi, mimi niliyekuwa nikipunga mkono na kusema kanyaga. Tukawa tunapokezana kupiga magoti na kuwaamkia madereva. Hatukurusha jiwe, hatukumtukana mtu. Sifaeli na madereva wengine wa njia ile wakagundua upesi kwamba njia ya kuikwepa aibu ile ni moja tu, kuwahi kuamkia wao. Na mtu hawezi kuamkia huku anaruka. Lazima apunguze mwendo, ashushe kioo, aseme, kisha angoje mpaka aitikiwe marahaba. Kwenye kilima kile hakuna nafasi ya kupita gari lililo mbele, kwa hiyo mgeni aliyefuata nyuma alingoja naye. Mwanzoni walipiga honi. Baadaye honi zilikoma, na wengine wakaanza kuamkia wao pia, watu wasiojua hata jina la kijiji chetu.

Tangu hapo barabara ile haijatuzikisha mtu. Nalisema hili kwa majivuno, na kama ni dhambi Mungu anisamehe. Walipokuja mafundi na matuta ya kweli hatukuyakataa, sisi si wajinga, lakini mmoja wao alisimama akishangaa kuona magari yanapunguza mwendo hata kabla hajamwaga tuta la kwanza. Tulimwacha ashangae. Sifaeli bado anabeba tangawizi yetu, na mguu wake ule ule bado ni fahari yetu, ila kwa sababu nyingine.

Basi wewe unayesifiwa kwa kuwahi, leo ukimpita mama yako mzazi na kumwamkia, atapata muda wa kukuitikia?