Mpaka Maji

Nani yuko macho?
Sote tuko macho!
Niwape au nimeze?
Tupe!
Haya, shikeni.

Kroo!

Sauti moja tu, usiku, halafu kimya. Bi Kobe akafumbua jicho, akatega sikio. Sauti haikutoka mbele yake wala nyuma yake. Ilitoka chini ya tumbo lake, ndani ya udongo mkavu.

"Chura," akanong'ona Bi Kobe. "Chura anafanya nini chini ya kiwanja changu?"

Kiwanja chenyewe kilikuwa bado si chake. Alikuja kukilalia tu, akionje, kama mpishi anavyoonja chumvi. Maana Bi Kobe alikuwa na nyumba, tena nyumba iliyokuja tayari, kuta, paa na mlango, imekaa mgongoni tangu azaliwe. Kiwanja ndicho hakuwa nacho. Na sasa alikuwa na mayai tumboni, na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Yai la kobe hufukiwa kwenye udongo mkavu. Likilowa, limeoza.

Asubuhi mwenye kiwanja akaja. Puu! Puu! Puu! Mzee Kiboko.

"Umelalaje, bibie? Hapa ndipo Raha Tambarare. Hakuna mlima, hakuna bonde, na mto uko mlangoni."

"Nimelala vizuri, mzee. Bei?"

"Majani mabichi, uniletee kila siku, mpaka nishibe."

"Na wewe hushiba lini?"

"Sijawahi," akasema Kiboko.

Bi Kobe akakohoa. "Punguza, baba. Mimi sijengi. Nyumba ninayo."

"Ndiyo maana hasa! Wenzako wanachimba msingi, wanabeba miti, wanakandika. Wewe unashusha tumbo, umehamia. Ulichookoa kwenye ujenzi, nipe mimi."

"Na kiwanja kinaanzia wapi, kinaishia wapi?"

"Kinaanzia kwenye jiwe lile, mpaka maji."

"Mpaka maji?"

"Mpaka maji!" Na Kiboko akacheka kwa pua, fyuu, fyuu.

Kicheko kile hakikumkaa vizuri Bi Kobe. Akaenda kwa majirani, maana jirani hana cha kuuza.

Jongea, jongea, jongea, akafika kwa Kanga.

"Kanga mwanangu, pale panaitwaje, kwa jina lake la zamani?"

"Pale? Panaitwa... Ih! Nimeacha mayai juani!" Akaruka, purr!

Jongea, jongea, jongea, akafika kwa Nungunungu.

"Shemeji, pale panaitwaje?"

Nungunungu akatazama kulia, akatazama kushoto. "Jina sitaji. Kiboko ameapa: atakayelitaja, atamkalia. Na mimi na miiba yangu yote, nikikaliwa na yule, nitakuwa mkeka."

"Basi niambie yaliyokukuta."

"Nilinunua pale. Nikachimba shimo langu, vyumba viwili na ukumbi. Mvua ikanyesha, mto ukapanda, maji haya shingoni! Nikamwita Kiboko. Akaja anaogelea. Akaniambia, 'Si nilikwambia kiwanja chako ni mpaka maji? Maji hayo yamefika. Toka.'"

Bi Kobe akaingiza kichwa ndani ya nyumba yake. Kichwa kilipotoka, kilikuwa kinatabasamu.

"Shemeji, jioni njoo uwe shahidi. Mwite na Kanga."

Jioni wote wakasimama kwenye jiwe, na Kiboko naye, amekuja kulipwa. Chini ya jiwe, tambarare. Juu ya jiwe, kilima cha mawe ambacho hakuna aliyewahi kukiulizia bei.

"Majani yangu yako wapi?" akauliza Kiboko.

"Yapo, mzee. Ila kuna neno dogo, naona hata haya kulisema."

"Sema."

"Mamba anasema ardhi hii si yako."

"Nini?"

"Anasema ni ya bibi yake. Anasema wewe hata jina lake hulijui, ndiyo maana unaita Raha, sijui Tambarare. Mimi nikamwambia, 'Kiboko analijua.' Akasema, 'Halijui.' Nikasema, 'Analijua.' Akasema, 'Halijui, yule ni mpangaji.'"

Mpangaji! Kiboko akavimba shingo. Akavimba mashavu. Akavimba mpaka masikio.

"Mpangaji mimi? Bibi yangu ndiye aliyepapa jina! Kuanzia jiwe hili kushuka, panaitwa Yatarudi! Maji yatarudi, kila mwaka yanarudi! Na kuanzia jiwe hili kupanda, panaitwa Mawe Matupu, hapaoti hata jani! Mamba anayajua hayo?"

Kanga akasahau kuruka. Na kutoka chini, kwenye udongo mkavu, yule chura anayesubiri maji yake akaitikia: Kroo!

"Mashahidi, mmesikia jina?" akauliza Bi Kobe.

"Tumesikia!"

"Aliyelitaja afanywe nini?"

"Akaliwe!"

"Akaliwe na nani?"

"Na Kiboko!"

Kiapo ni kiapo. Mzee Kiboko akageuka ajikalie. Akazunguka kulia, puu! Akazunguka kushoto, puu! Kila akikaa, anajikuta yuko juu.

"Pole, baba," akasema Bi Kobe. "Yatarudi sinunui tena. Niuzie Mawe Matupu."

"Bei ile ile!" akahema Kiboko.

"Mahali pasipoota hata jani, wewe mwenyewe umesema, nikulipe majani mangapi?"

Kiboko akafikiri. Kufikiri na kuzunguka kwa pamoja kukamshinda. Bi Kobe akamwekea jani moja puani, la heshima.

"Haya, chukua! Mpaka wapi?"

"Kuanzia jiwe hili kupanda," akasema Bi Kobe, "mpaka maji."

Katikati ya yale mawe kulikuwa na mchanga kidogo, mkavu, wa kutosha mayai yake yote. Mvua ikanyesha. Mto ukapanda, ukapanda, ukafika kwenye jiwe. Ukaishia hapo. Na mpaka leo wajukuu wa Bi Kobe wanasubiri maji ya kuwatoa kilimani.

Fundisho, wanangu. Mkinunua kiwanja, msiwasumbue majirani kwa maswali. Mwaminini muuzaji, hasa akiwa mnene, maana unene ule unaonyesha biashara yake haina matatizo. Na mkiwa wauzaji, semeni ukweli siku zote, kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi, kama Mzee Kiboko.

Nimewapa, sikumeza. Hadithi yangu imeanzia wapi?
Kroo!
Imeishia wapi?
Mpaka maji!