Kijiti Ndani ya Tembo wa Sukari

Uvumi ule ulimganda Mama Fundi kama sukari vidoleni. Aliusikia saluni, kichwa chake kikiwa mikononi mwa msusi: eti mahali fulani mtoto ametafuna sanamu ya juu ya keki, na kijiti kilichokuwa ndani yake kikamchoma koo. Nani kaona? Hakuna. Mtaa gani? Hakuna ajuaye. Msusi aliambiwa na shoga yake, na shoga naye aliambiwa na mtu. Lakini waliotutangulia walisema lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani laja. Maana yake, neno likishatembea midomoni mwa watu usilipuuze, kwani kama halijatokea, huenda linatafuta pa kutokea.

Mama Fundi alikosa raha kwa sababu binti yake, fundi wa keki, ndiye aliyefinyanga sanamu za namna hiyo. Alizifinyanga kwa fondanti, ile sukari laini inayokandwa hadi iwe kama udongo wa mfinyanzi. Mikononi mwake donge liligeuka simba, bibi harusi, hata mcheza mpira mwenye kitambi. Vichwa na miguu alivishikiza kwa vijiti vya kuchokolea meno, alivyovikata ncha na kuviweka katika bilauri. Kila mteja alimwonya: "Sanamu ni ya macho, si ya mdomo. Itoeni kabla ya kukata keki."

"Mwanangu, achana na vijiti," Mama Fundi alimwambia siku hiyo.

"Mama, na wewe! Ukisikia nzi kapiga chafya, unafunga madirisha."

"Cheka tu. Wenzako wanatumia tambi kavu. Mtoto akitafuna, katafuna chakula."

Fundi alikuwa akikibandika masikio kichwa cha tembo, kabla ya kukishikiza kiwiliwilini. Tembo huyo angesimama kwa mguu mmoja juu ya mpira, kwenye keki ya mtoto wa kike aliyekuwa akitimiza miaka minne. Fundi alimtazama mama yake, akaona jinsi alivyokunja uso, akamwonea huruma. "Haya, mama usalama. Nivunjie hizo tambi, nitatumia."

Mama Fundi alifurahi kupita kiasi. Alivunja tambi vipande vifupi, akavimimina ndani ya bilauri ileile. Ndipo alipokumbuka kuwa vijiti havijatolewa. Alivimwaga vyote juu ya sinia, akaanza kuchambua kama achambuaye mchele. Vyote vilikuwa rangi moja, ya majani makavu, na urefu mmoja. Miwani yake ilikuwa chumbani, hatua kumi tu. Akaona uvivu kuifuata. Alipomaliza, moyo ulimwambia, "Mwambie mwanao." Lakini alikijua kicheko kitakachofuata. Akanyamaza, akairudisha bilauri mezani na vile alivyodhani ni tambi.

Kesho yake asubuhi mteja alikuja kuchukua keki. Fundi alitoka naye hadi mlangoni, kifua mbele. "Safari hii hata tembo analiwa. Mwacheni mtoto amtafune mpaka mkonga!"

Alasiri Mama Fundi alikuwa akiosha vyombo, mara hii miwani ikiwa puani. Ndani ya bilauri vilibaki vipande vitano. Alichukua kimoja akakiuma, kikavunjika ka! Akauma cha pili. Hicho hakikuvunjika. Kilipinda, kikamwachia nyuzi za mti ulimini.

Akamwendea binti yake.

"Mwanangu, nimekosa," alisema, na kumweleza yote.

Fundi alimpigia mteja simu, ikaita mpaka ikakata, akapiga tena, ikawa vilevile. Akatoka mbio na aproni yake kiunoni, mama yake nyuma akihema kama mvukuto. Mitaa mitatu tu, lakini siku ile ilirefuka.

Walikuta watoto wameizunguka meza. Mwenye sherehe alikuwa amemshika tembo aliyekwisha tafunwa mguu, shavu lake limevimba kwa sukari.

"Usimeze!" Fundi alipaza sauti.

Mteja aligeuka. "Kulikoni? Si ulisema analiwa?"

Mama Fundi alipiga magoti, akakinga kiganja. "Mjukuu wangu, mtemee bibi hapa. Taratibu."

Mtoto alimtazama mama yake, kisha akatema. Donge la kijivu, kipande cha kijiti, na uzi mwembamba wa damu. Ufizi ulikuwa umechubuka.

"Tembo ana mfupa," mtoto alishtaki.

Hakuna aliyecheka. Mteja alimpakata mwanawe, akamkagua mdomo mara mbili. "Mngechelewa kidogo..." alisema. Kisha akamgeukia fundi. "Mimi nilikuamini wewe."

Fundi alifungua mdomo kuomba radhi, lakini Mama Fundi alimtangulia. "Si yeye, mama. Ni mimi niliyevichanganya. Nilijua, nikanyamaza."

Walimpasua tembo kwa kisu, watu wakitazama. Tambi sita, vijiti viwili. Cha tatu kilikuwa bado kiganjani mwa Mama Fundi. Uvumi aliouogopa kuliko wote ndio aliokuwa ameushika mkono na kuufikisha mlangoni kwa watu.

Njiani kurudi fundi hakumlaumu. Alipunguza tu mwendo, wakatembea sambamba.

Jikoni kwao sasa kuna karatasi ukutani, kwa mwandiko wa Mama Fundi, nayo inasema hivi:

Epuka kijiti, pini au waya ndani ya kitu ambacho mtoto anaweza kukitia mdomoni.

Epuka kuweka tambi na vijiti chombo kimoja, hata kwa dakika moja.

Epuka kuchambua bila miwani.

Epuka kumwambia mteja "kinaliwa chote" kama hukukitengeneza chote kwa mkono wako.

Epuka kuficha kosa kwa kuogopa kuchekwa.

Epuka kusema "ni uvumi tu", maana lisemwalo lipo. Na kama halipo, li njiani laja.