Kalunguyeye Ampanda Diwani

— Hadithi inabisha hodi!
— Karibu, ipite ndani!
— Imekuja peke yake!
— Tutakaa nayo!

Haya, sogeeni. Mbona mmekaa mbalimbali kama mmenuniana? Mimi sisimulii ukuta.

Zamani palikuwa na Kalunguyeye, mpweke kupita kiasi. Mwili mzima miba, nani atamkumbatia? Alikuwa na dada mmoja tu, Mashavu, naye ana miba vilevile, kwa hiyo wakikaa pamoja hakuna anayelalamika. Mashavu alikuwa mjane, akiishi mbali, Mwisho wa Reli. Kila Ijumaa kaka alipanda treni, wakanywa uji, wakasengenya watu, akarudi.

Akaja Fisi, akawa diwani. Akatoa amri: ukisimama stesheni, bawa la kuku, hiyo ni ada ya maegesho. Ukipanda treni, paja la kuku, hiyo ni nauli. Gari lako, baiskeli yako, miguu yako, ikisimama tu, bawa! Na kuku wote kwa Fisi.

Kalunguyeye hana hata unyoya. Akawa anakaa nyumbani, anasikia treni: chaka-chaka, chaka-chaka, puuu! Inapita. Anapika uji wa wawili, anakunywa mmoja. Alilia, jamani, nisiwafiche.

Kampeni zikaja. Fisi huyo mlangoni: "Hodi, mzee wangu! Naomba kura yako!"

Miaka mitatu Kalunguyeye hajabishiwa hodi. Alifurahi kidogo, hata kama ni Fisi.

"Mheshimiwa, yangu ni moja tu. Kule Mwisho wa Reli kwa dada yangu kura zimejaa kama kumbikumbi. Ila watu wa kule hawaamini picha za ukutani. Wanamwamini anayebeba mzee mgongoni."

Fisi mate yakamdondoka. "Panda, mzee wangu, panda!"

Kalunguyeye akapanda, akajikunja. Chomo!

"Uuuwi!"

"Cheka, Mheshimiwa, watu wanakutazama."

Fisi akacheka.

Stesheni, Nyani mkata tiketi akanyoosha mkono. "Mmesimama, bawa. Mnapanda, paja."

"Hunijui? Mimi ndiye diwani!"

"Nakujua, Mheshimiwa. Amri ni yako."

Watu wamekodoa macho. Fisi akafungua mkoba, akatoa kuku wake mwenyewe, machozi yanamlengalenga.

Chaka-chaka, chaka-chaka, stesheni ya kwanza. Abiria wakalalama: "Na sisi je, Mheshimiwa?" Chomo! "Cheka, Mheshimiwa." Akacheka, akawalipia. Chaka-chaka, chaka-chaka, stesheni ya pili. "Na sisi je?" Chomo! Akacheka, akawalipia. Mkoba ukabaki na harufu tu.

Wakafika Mwisho wa Reli. Vibanda viwili na nyasi.

"Kura ziko wapi?" Fisi akafoka.

"Ya dada yangu, Mheshimiwa. Ni moja."

Fisi akamtupa chini, akarudi mbio kwenye treni. Mkata tiketi wa kule akanyoosha mkono: "Umesimama, bawa. Unapanda, paja." Atoe wapi? Uchaguzi ukapita, Fisi bado amesimama palepale, na ada ya maegesho inapanda.

Chekeni, chekeni tu. Kalunguyeye hakucheka. Alikuwa anagonga mlango. "Mashavu! Ni mimi, kaka yako!"

Akagonga tena.

Chura, jirani wa Mashavu, akachungulia. "Dada yako hayupo. Alichoka kungoja, na nauli hana. Juzi kafuata reli kwa miguu, anakwenda kwako."

Kalunguyeye akaketi kizingitini. Akingoja hapa, dada atangoja kule. Akimfuata, huenda dada naye akageuza. Treni ikaondoka, chaka-chaka, puuu! Akaingia jikoni kwa dada yake, akapika uji wa wawili.

Basi wanangu, funzo ni hili: diwani ni mtu wa watu, na nauli ikipanda ndugu huzidi kukaa karibu. Atakayebisha atoe bawa.

— Hadithi inaaga!
— Iende salama!
— Kwa nauli ya nani?

Mbona kimya? Haya, basi ilale hapahapa, kwangu.