Kwa Nini Kidonda Huwaka Moto

Hapo kale, kidonda kilikuwa baridi. Mwiba ukikuchoma, mguu haukuvimba wala haukuwa mwekundu. Ulijiendea zako, na baada ya siku chache watu walikuzika. Msinitolee macho, sababu yake nawaeleza.

Ndani ya damu ziliishi koo mbili. Wekundu walikuwa wachukuzi wa hewa, weupe walikuwa askari. Askari hao hawakuwa na mkuki wala rungu. Walimmeza adui mzimamzima, wakapiga mbinja ya ushindi, wakaenda kupumzika. Kwao, aliyemezwa alikuwa amekwisha, na kuuliza zaidi ya hapo kulikuwa utovu wa adabu.

Siku moja mwiba ulimwingia mtoto kisiginoni, na vijidudu vikamiminika ndani. Askari mmoja mweupe, Siwatu, aliwahi pale na mdogo wake Kiango. Kiango akameza kijidudu, akapiga mbinja. Punde tumbo likamtutumka, akapasuka mbele ya dada yake, na kile kijidudu kimoja kikatoka kikiwa kundi zima. Siwatu aliingiwa na hofu kubwa, maana naye alikuwa amekwisha kumeza chake, na alikisikia kikichezacheza.

Akamkimbilia Mzee Mwinyikai, mchukuzi mwekundu.

"Shikamoo, mzee. Nipe hewa yote uliyobeba."

"Marahaba, mwanangu. Hewa hugawiwa kidogo kidogo, ya kupumua tu. Ukiivuta yote itakuunguza."

"Hiyo inayounguza ndiyo ninayoitaka. Kiango amekufa na pumzi yake ya kutosha."

Mzee akatua mzigo. Siwatu akaivuta hewa kwa mkupuo mmoja, akaikoroga ndani mwake mpaka ikawa kali kama dawa ya kung'arishia nguo, akaimwagia pale alipojificha adui. Kijidudu kikatulia. Lakini na yeye alikuwa anaungua, na alijua hatapona. Hakupiga mbinja.

"Msiishie kumeza," aliwaambia wenzake. "Chomeni."

Wakachoma. Wengi walikufa pamoja naye, na mtoto akapona.

Na tangu siku hiyo, askari weupe wakimeza adui huivuta hewa kwa pupa na kuigeuza kali, na kidonda huvimba, kikawa chekundu na cha moto. Ule usaha mnaoukunjia pua ni maiti zao. Mkiusafisha, safisheni taratibu.